Afisa Alitaka Kumwona Kaka

Mama Mdogo: Haloo? Nani mwenzangu?

Kitinda: Mama mdogo, ni mimi. Kitinda. Shikamoo.

Mama Mdogo: Marahaba mwanangu. Namba siijui, nikadhani ni mteja ananisumbua na suruali yake. Subiri nitoke nje, humu hatusikilizani. [Kelele za cherehani. Mlango unafungwa.] Eeh, sema sasa.

Kitinda: Nimeazima simu ya jirani. Salio lenyewe ni la kuombea dua.

Mama Mdogo: Basi kata, nikupigie mimi.

Kitinda: Usikate. Nikikata sijui kama nitaweza kuanza tena.

Mama Mdogo: Kuna nini? Shemeji yuko salama?

Kitinda: Baba mzima, yuko safari na lori. Nianze na habari njema. Nimepata ule msaada wa masomo.

Mama Mdogo: Upi, wa chuo cha huku kwangu?

Kitinda: Wa hapa nyumbani. Chuo hiki ambacho ukisimama mlangoni kwetu unaliona tangi lake la maji. Wanamlipia ada yote mtoto anayekaa kwao, anayekwenda darasani na kurudi kwa miguu. Sharti moja tu, ulale nyumbani.

Mama Mdogo: Ulale nyumbani.

Kitinda: Ndiyo.

Mama Mdogo: Chumba gani?

Kitinda: Kwani kwetu kuna vyumba vingapi, mama mdogo?

Mama Mdogo: [Mkwaruzo wa mtandao.] —nilishakwambia uje kwangu. Siku hizi nina nafasi, si kama zamani. Nyumba ile si ya kijana kukaa. Mimi mwenyewe nilipokuja mara ya mwisho nilisingizia kazi nikaondoka mapema. Dada bado anapiga pasi lile shati?

Kitinda: Bado. Akimaliza nguo za wateja analichukua, analinyunyizia maji, anaanza na kola, halafu mikono. Analitundika mlangoni kwa kaka. Likishika vumbi analifua, anaanza upya.

Mama Mdogo: Na ndala zake?

Kitinda: Zipo pale pale kizingitini mwake, kwenye njia ya kutokea nje. Baba akirudi safari anaziruka. Mama akisema kaka yuko masomoni, baba anaitikia, na mimi naitikia. Ndivyo tunavyoishi. Yule aliyekuja kuzika huko kwenu ni baba peke yake, sisi huku tulibaki tunapiga pasi.

Mama Mdogo: Naijua hiyo.

Kitinda: Hujui yote. Kaka alikuwa na kile kikohozi chake akisoma, kama mtu anayekwangua koo. Mama husema anakisikia. Nikawa nasema moyoni, ni majonzi tu hayo. Halafu siku moja nilikuwa jikoni natengeneza chai, mama kapeleka nguo kwa watu. Nilipogeuka nikakuta nimetenga vikombe vitatu.

Mama Mdogo: Kitinda—

Kitinda: Na baba hakuwepo.

Mama Mdogo: Fungasha nguo zako, mwanangu. Kesho panda basi.

Kitinda: Nikija kwako, mama atabaki naye peke yake.

Mama Mdogo: Usiseme hivyo.

Kitinda: Niseme vipi?

Mama Mdogo: [Mkwaruzo.] —haya, nakusikiliza. Huo msaada umeupataje?

Kitinda: Kabla hawajakupa wanamtuma afisa nyumbani, aone kama kweli unakaa pale. Akaja mchana, mtu wa makamo, mpole, jasho linamtoka. Mama akamkaribisha, akasogeza rundo la nguo ili akae. Akauliza habari za baba, za kazi ya dobi, mama anajibu vizuri, hata wanacheka. Ndipo akamuuliza, mama, una watoto wangapi wanaosoma?

Mama Mdogo: Ee Mungu.

Kitinda: Mama akasema wawili.

Mama Mdogo: Akasema hivyo kwa mgeni?

Kitinda: Bila kuinua macho kutoka kwenye pasi. Afisa akauliza, huyu mkubwa anasoma wapi? Mama akamtajia. Sasa chuo kina taratibu zake, familia yenye mtoto mwingine anayesaidiwa kwingine inapangwa nyuma. Kwa hiyo akauliza, mwenyewe ni lini atakuja likizo, niongee naye? Mama akasema, yupo, amelala humo ndani.

Mama Mdogo: Na wewe ulikuwa wapi?

Kitinda: Nimesimama na trei ya maji. Yule mtu akatazama mlango wa kaka. Ana haki, mama mdogo, shati limenyooka pale, ndala zinang'aa, nani asingeamini? Akasema kwa upole kabisa, basi nitamsubiri aamke.

Mama Mdogo: Akasubiri?

Kitinda: Akasubiri. Akanywa maji. Mama akageuza shuka upande wa pili akaendelea. Kila pasi ikitulia, nyumba nzima inasikiliza. Nami nilikuwa nasikiliza. Unajua kilichonitisha ni nini? Nilikuwa nangoja mlango ufunguke. Kweli kabisa. Nilikuwa napanga maneno ya kumwambia kaka, njoo umsalimie mgeni.

Mama Mdogo: Mwanangu.

Kitinda: Nikaona tukikaa hivi dakika moja zaidi, na mimi nitahamia upande wa mama, na hakuna atakayetutoa. Nikaweka trei chini. Nikasema, "Samahani, kaka hayupo. Kaka amekufa."

Mama Mdogo: [Kimya.]

Kitinda: Upo?

Mama Mdogo: Nipo. Nimekaa kwenye ngazi. Dada akafanyaje?

Kitinda: Hakulia. Alisimamisha pasi, akachomoa waya. Yule afisa alisimama, akasema, "Pole mama," akaomba radhi, akatoka. Ndala aliziruka, kama baba. Mama akanitazama kama mtu aliyemkuta mwizi ndani. Halafu akaenda akalishusha lile shati, akakaa nalo mapajani mpaka giza likaingia.

Mama Mdogo: Alisema nini?

Kitinda: Hakuna. Siku hiyo, na zilizofuata. Nilijua nimemuua. Nilimpikia, anakula matonge mawili matatu, anarudisha. Jana chuo kikanipigia kwa simu hii hii ya jirani kwamba nimepata, nikashindwa hata kumwambia. Jirani ndiye aliyemwambia, kwa furaha, pale uani.

Mama Mdogo: Lo.

Kitinda: Leo asubuhi nimeamka nasikia vitu vinaburutwa. Nikasema, sasa anatoka. Kumbe ni mama. Amefungua kile chumba, dirisha wazi, ameburuta godoro mpaka uani, anapiga deki. Akaniambia, "Meza ya humu ni imara, utasomea hapa." Hayo ndiyo maneno yake ya kwanza. La pili ndilo lililonifanya nikupigie.

Mama Mdogo: Lipi?

Kitinda: "Mtafute mdogo wangu. Yeye ndiye aliyemwona."

Mama Mdogo: [Honi ya gari kwa mbali.] Hapana, Kitinda.

Kitinda: Mama mdogo—

Mama Mdogo: Hapana. Miaka yote hiyo kila nikifungua mdomo dada alibadilisha mazungumzo. Nikazoea. Nikalifukia. Sasa niko hapa ngazini kwa watu, nina nguo za harusi za kumaliza jioni—

Kitinda: Yuko hapa. Amekaa mbele yangu tangu nimeanza kuongea.

Mama Mdogo: Amesikia yote haya?

Kitinda: Yote. Ananyoosha mkono.

Mama Mdogo: Ngoja kwanza, nijipange, usimpe—

Mama: Haloo.

Mama Mdogo: Dada. Shikamoo.

Mama: Marahaba. Watoto hawajambo?

Mama Mdogo: Hawajambo.

Mama: Uko kazini.

Mama Mdogo: Nimetoka nje. Naweza kuongea.

Mama: Sitakuchelewesha. Ulimwona wewe?

Mama Mdogo: Mimi. Waliniita hospitali nikamtambue.

Mama: Ulimgusa?

Mama Mdogo: Nilimgusa. Vifungo vyake vya shati vilikuwa vimepishana, nikavifunga upya.

Mama: Alikuwa hivyo tangu mdogo. [Mkwaruzo.] —mji wenu una baridi. Nilimpa blanketi moja. Lile zito nilimwambia atalichukua akija likizo. Ndilo ninalotaka kujua, mengine yote namwachia Mungu. Alipatwa na baridi?

Mama Mdogo: Dada, twende taratibu—

Mama: Alipatwa na baridi?

Mama Mdogo: Hapana. Chumba kilikuwa na joto. Bweni alilikosa, alipanga kibanda na mwenzake, mabati matupu. Usiku ule baridi ilikuwa kali, wakaingiza jiko la mkaa ndani. Wakafunga mlango na dirisha joto lisitoke. Ule moshi usioonekana, dada. Walilala tu. Asubuhi jirani alipovunja mlango, alisema mle ndani mlikuwa bado na fukuto.

Mama: Alijifunika?

Mama Mdogo: Hakujifunika. Blanketi lilikuwa miguuni. Hakulihitaji.

Mama: Usinifariji.

Mama Mdogo: Sikufariji. Mashavu yake yalikuwa mekundu kama mtu aliyetoka juani. Nilikuwa namwangalia nasema, ataamka.

Mama: Na mimi nimekuwa nikisema hivyo.

Mama Mdogo: Najua, dada.

Mama: [Mlio wa simu.] Hii inalia nini?

Mama Mdogo: Salio linaisha. Kata, nakupigia sasa hivi. Dada, nitakuja. Nikikabidhi hizi nguo za harusi nakuja, nitakaa mpaka—

Mama: Njoo. Utalala na mimi. Kile chumba kina mwenyewe, anaanza chuo Jumatatu. [Mlio.] Kuna wingu linafunga, nikaliingize lile godoro. Mtoto asilale kwenye unyevu—

[Simu inakatika.]