Mzee Redio na Mtaa Ulionyamaza

Wasikilizaji wapendwa, sogezeni viti. Leo tunamkumbuka kinyozi mmoja, na nawaambia mapema kwamba sina utulivu. Tangu nirudi mazikoni nimekuwa mtu wa kukaa na kusimama, kusimama na kukaa. Fundi mitambo ananionyesha kwa mkono kupitia kioo kwamba nitulie. Nitulie vipi?

Kinyozi huyu mtaa mzima ulimwita Mzee Redio. Msidhani ni kwa heshima ya kituo chetu. Ni kwa sababu alikuwa hazimiki! Ukikalia kiti chake unapewa habari za mpira, za majirani, za bei ya vitunguu, na nywele zinakatwa humohumo katikati ya maneno. Uliondoka na kichwa safi na masikio yamejaa.

Kisha mkono wa wembe ukaanza kutetemeka. Siku aliyomkwaruza mteja karibu na sikio, aliufuta wembe, akaufunga, akamkabidhi mpwa wake. Hakunyoa tena. Hospitali wakasema ni Parkinson. Narudia, Parkinson: ugonjwa unaoshika ubongo polepole, mkono ukatetemeka, mwili ukakakamaa, miguu ikagoma.

Mdomo ulibaki mzima. Basi akajiwekea kiti pembeni ya kioo cha saluni. Mpwa ananyoa, mjomba anaongea. Na kila asubuhi alitaka kufika pale kwa miguu yake mwenyewe. Hilo ndilo alilolipigania, wapendwa, kufika saluni kwa miguu yake. "Siku nitakayobebwa kwenda saluni," alimwambia mkewe, "ujue nimekwisha."

Hospitali ilimpa mtaalamu wa mazoezi ya viungo, mama mmoja asiyecheka ovyo. Mzee alikuwa akifika mlangoni miguu inaganda, kama imepigiliwa misumari sakafuni. Nyumbani walizoea kumvuta mkono, naye anaanguka kifudifudi. Yule mama akawakataza. "Msimvute." Akabandika utepe mwekundu sakafuni, mbele ya kizingiti. "Mzee, sahau mlango. Vuka utepe." Akainua mguu, akavuka! Mkewe alipiga kelele hadi jirani akaja kuuliza kuna nini.

Halafu likaja sharti gumu. Mimi na wewe miguu inajipeleka yenyewe huku tunapiga soga. Yeye kila hatua ilibidi aifikirie, na maneno yanaiba fikra. "Ukitembea, tembea," akaambiwa. "Ukiongea, ongea. Usichanganye."

Umwambie hivyo Redio! Mkewe anasema: "Mimi miaka yote nimeshindwa kumnyamazisha, sembuse hospitali?" Wiki haikuisha. Fundi viatu wa pale kona akamwita, "Mzee Redio, jana mmetufunga!" Naye hakuwa wa kuachia neno kama hilo. Akageuka ghafla kumjibu, miguu ikabaki nyuma, akaanguka. Akashonwa kwenye paji la uso.

Binti yake mkubwa hakulala kwa hofu. Kulipokucha akapita kwa fundi viatu, kwa muuza magazeti, kwa kila mlango wa njia ile. "Nawaomba, msimsalimie baba akiwa njiani." Wakakubali, kwa kuwa walimpenda. Baba mwenyewe hakuambiwa.

Alipopata nafuu akatoka. Mtaa kimya. Huyu anainamia kiatu, yule anajifanya anapanga magazeti. Mzee akafika saluni bila kuyumba, na kwenye mazoezi wakamsifu. Lakini kwenye kile kiti pembeni ya kioo hakusema kitu. Siku kadhaa zikapita hivyo, kisha asubuhi moja akakataa kuvaa viatu.

"Aliniuliza," mkewe anasema, "mama watoto, hawa watu nimewakosea nini?"

Binti akasikia, akalia, akasema yote. Na baba akamjibu maneno ambayo mimi yananikosesha usingizi. "Mwanangu, mimi natembea ili niwafikie watu. Umewaondoa. Sasa nitembee niende wapi?"

Yule mtaalamu alipopewa habari hakujitetea. "Nilimkataza, sikumfundisha," alisema. Akaacha mazoezi ya ndani, akatoka naye njiani kwenyewe kumfundisha. Ukisikia salamu, Mzee, kwanza simama. Tanua miguu, shika ukuta, ndipo ujibu. Ukitaka kugeuka, zunguka kwa nafasi, kama lori. Majirani nao wakapewa somo: msalimieni kutoka mbele, kisha msubirini. Asimame kwanza, atajibu.

Safari ikawa ndefu ajabu. Anatoka asubuhi, anafika wateja wanafikiria chakula cha mchana! Lakini alifika kwa miguu yake, miaka na miaka. Sitawadanganya, mazoezi hayakumponya. Ilikuja fimbo, likaja gongo la miguu minne, na mwisho kikaja kitanda. Homa ya mapafu ikammaliza juma lililopita.

Jeneza lilipitishwa njia ileile ya saluni. Watu walijipanga pande zote mbili, kimya, vichwa chini. Mkewe akasimamisha msafara. "Mbona mmenyamaza tena? Msalimieni, jamani. Leo haanguki."

Fundi viatu ndiye aliyeanza. "Mzee Redio, habari za asubuhi?" Mtaa mzima ukarudia salamu hiyo nyuma yake. Kisha, wasikilizaji wapendwa, wakasubiri. Walikuwa wamezoea kumsubiri.

Mama, binti, mpwa wa saluni, poleni sana. Kituo kizima kinalia nanyi. Nawe unayenisikiliza, mtaani kwako yupo mtu unayempita kimya ukidhani unamhurumia. Kesho msalimie. Halafu usiondoke, mpaka akujibu.