Historia ya Mzee Buluu, Fundi wa Taa za Matumbawe

Ndugu, majirani na marafiki mlioacha shughuli zenu kuja kutushika mkono, familia inaomba utulivu wenu kidogo ili tuwasomee maisha ya mpendwa wetu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Mzee Buluu, na wapo mliokaa naye miaka mingi bila kujua kama ana jina jingine.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, akiwa mtoto wa tatu kati ya watoto sita wa baba seremala na mama aliyekuwa akifua na kupiga pasi nguo za watu. Nyumba yao ilikuwa na taa moja ya mafuta, na wenzake walipoitumia kusomea, yeye alikuwa akiisogeza huku na huku kutazama vivuli ukutani, hadi mama yake akawa anasema mtoto huyu siku moja atatulaza nje. Alianza shule ya msingi mwaka 1959 na kuhitimu mwaka 1966, akikumbukwa na walimu kwa mwandiko wake mzuri, na kwa kuifungua tochi ya mwalimu mkuu akashindwa kuirudisha ilivyokuwa.

Mnamo Januari 1969 aliajiriwa katika ukumbi wa michezo ya kuigiza kama msaidizi wa fundi wa taa, na mwaka 1974 akawa fundi mwenyewe, kazi aliyoifanya juu ya ngazi, na vipande vya karatasi za rangi vimejaa mifukoni. Waigizaji walimpenda, kwa kuwa alijua taa ipi inampa mtu ujana na ipi inamfichua, na mama mmoja mwigizaji, aliyekuwa ameshakula chumvi nyingi lakini bado akiigiza wasichana, alikuwa akimpigia kelele kutoka jukwaani, "Fundi, nipunguzie miaka kumi!" naye akimjibu kutoka juu, "Kumi siwezi, mama, nakupa saba!"

Humo ukumbini ndimo alimokutana na mke wake, mama yetu, aliyekuwa mshonaji wa mavazi ya waigizaji, na ambaye hakukubali rangi ya kitambaa chochote mpaka akitoe mlangoni akione kwa mwanga wa jua. Jambo hilo lilimkera sana marehemu, akiona kwamba anadharauliwa taa zake, wakagombana kwa hilo karibu mwaka mzima, na tarehe 11 Septemba 1976 wakafunga ndoa. Mungu aliwajalia watoto wanne, wa kike wawili na wa kiume wawili, na wajukuu tisa.

Mwaka 1985 ukumbi uliletewa tangi la kioo la maji ya chumvi, lenye samaki na matumbawe, likawekwa pale wageni wanapoingilia, na marehemu akaambiwa aliwekee taa. Aliliwekea taa za manjano kama za jukwaani, siku ya kwanza watu wakapiga makofi, lakini haukupita muda mrefu kioo kizima kikawa kimefunikwa na mwani wa kijani, wenzake wakamshauri atafute mbuzi wa kuchunga humo ndani. Aibu ile ndiyo iliyomfanya aanze kuuliza, kusoma na kujaribu, na Juni 1988 aliacha kazi ukumbini akafungua chumba chake cha biashara, kati ya fundi redio na mshona viatu, akiuza na kutunza matangi ya matumbawe. Jioni dirisha lake lilikuwa likiwaka buluu hadi ng'ambo ya barabara, watoto wakibandika pua kwenye kioo, na hao ndio waliompa jina la Mzee Buluu, ingawa wakati huo alikuwa na miaka thelathini na saba tu.

Wengi wenu mliopita pale mtakumbuka alivyokuwa akieleza, maana hakuchoka kueleza. Alisema mwigizaji ukimpa taa unampa sura, lakini tumbawe ukilipa taa unalipa chakula, kwa sababu ndani ya mwili wake mna vijimea vidogo mno vinavyolipikia kwa mwanga huo. Mteja aliyetaka rangi peke yake alimwonyesha taa ya buluu, iliyofanya zambarau na kijani vichomoze kama vimewashwa kwa ndani, kisha akamwongezea taa nyeupe kiasi, akazitundika juu kabisa, na kumwambia azishushe kidogo kidogo kwa majuma mengi. Alionya pia kwamba mwanga ukizidi ghafla, tumbawe huvitoa vile vijimea, na kabla ya kuwa jeupe na kufa huwa na rangi nyepesi nzuri kupita siku zake zote, watu wakalisifu, kumbe linaaga.

Kati ya matumbawe yote, moja lilikuwa lake mwenyewe, halikuuzwa. Alilipata mwaka 1994 likiwa kama kidole gumba, likakua hadi ukubwa wa sinia, la zambarau lenye ncha za kijani, na mama alilipa jina la Bi Mdogo, akiwaambia wageni, "Mimi mwenzangu mnamwona huyo hapo, na jioni zote ni zake."

Mnamo mwaka 2017 marehemu alianza kulalamika kwamba taa za siku hizi zinachoka upesi. Hakuna aliyemshangaa, kwa kuwa taa za matangi kweli huchoka na kupoteza buluu yake taratibu, naye ndiye aliyetufundisha hivyo, basi akawa anazibadilisha, anaongeza buluu, anazishusha karibu na maji. Bi Mdogo akageuka rangi nyepesi ya waridi, wateja wakaja kupiga picha, na marehemu akafurahi pamoja nao. Sisi tuliokuwa karibu tuliona shina limeanza kuwa jeupe, lakini kumwambia fundi kama yule kwamba amekosea mwanga lilikuwa jambo zito, watoto wake wakasukumiana kwenye simu, "Mwambie wewe, wewe ndiye kipenzi chake," na mwingine, "Mimi? Thubutu!"

Ikawa asubuhi moja ya Oktoba 2018 mama alivaa gauni lake la buluu, alilonunuliwa na marehemu mwenyewe, naye akamtazama na kumuuliza, "Hilo la kijivu umelitoa wapi?" Mama alikwenda kwenye kikapu chake, akachukua vibunda viwili vya uzi, kimoja cha buluu na kimoja cha kijivu, akamfuata dukani, akamwambia, "Baba watoto, njoo hapa mlangoni, nichagulie unaofanana na gauni langu." Marehemu alivishika juani kwa muda mrefu, akaviinua, akavigeuza, akampa wa kijivu, na alipouona uso wa mama akauchukua tena, akatazama vyote viwili, akaona havimwambii kitu. Husemwa macho hayana pazia, lakini ya mzee wetu yalikuwa yameshafungwa pazia na mtoto wa jicho, lililozuia buluu isimfikie. Alikaa kwenye kiti, akasema, "Kumbe taa zilizochoka ni zangu," kisha akasimama, akapanda ngazi, akazipandisha taa zote mpaka darini.

Alifanyiwa upasuaji wa jicho la kwanza tarehe 20 Novemba 2018 na la pili Januari 2019. Alipofunguliwa bandeji alimuuliza muuguzi nani amemfulia sare kwa buluu kali namna ile, lakini aliporudi dukani na kuwasha taa kama alivyokuwa akiziweka siku zile, hakucheka, alisema tu, "Nilikuwa nayachoma haya matumbawe." Nusu ya Bi Mdogo ilikuwa imekufa. Alikata kipande kilichobaki hai, akakigandisha juu ya jiwe jipya chini ya mwanga hafifu, na toka siku hiyo hakubadilisha taa yoyote bila kumwita mama atazame kwanza. Kipande kile kikawa cha kahawia, kama tope, wageni wakampa pole, naye akawaambia wampe hongera, kwa kuwa kahawia ile ni vijimea vimerudi nyumbani, na rangi itafuata kwa wakati wake.

Mwezi Aprili 2019 moyo wake ulianza kudhoofika, tangi likahamishiwa sebuleni ili alitazame akiwa amelala. Siku zake za mwisho, alipochoka kuinua kichwa, mama alikuwa akimweleza anachokiona, na siku moja alimwambia kwa hofu kwamba pembeni kuna ukingo mweupe, mwembamba kama uzi. Marehemu aliuliza kama ukingo huo uko juu ya jiwe, mahali palipokuwa patupu, mama akasema ndiyo, naye akajibu, "Basi usiogope, huo si ugonjwa, hapo linakua." Aliaga dunia Jumanne, tarehe 6 Agosti 2019, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka sitini na minane.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa macho, waliomrudishia buluu yake, na wale wa moyo, waliopigania kila siku aliyoongezewa, majirani mliobeba tangi na ndoo za maji yake bila kumwaga, wenzake wa ukumbini, na wafugaji wa matumbawe wote mliokuja kumwona. Tunaomba pia jambo moja, kwamba mtakapoingia sebuleni na kuona taa imetundikwa juu, mwanga ni hafifu na tumbawe ni la kahawia, msidhani tumelisahau kwa msiba, wala mtu asiishushe taa kwa nia ya kutufurahisha, kwa maana ndivyo alivyoiacha, na mama ndiye atakayesema lini ishuke.

Kazi yako umeifikisha pazuri, Mzee Buluu, rangi tutaisubiri sisi. Pumzika kwa amani.