Siku Ukuta Alipowatoa Vijana Uwanjani

Ndugu waombolezaji, majirani na wote mliotoka mbali, familia inasimama mbele yenu kusimulia maisha ya ndugu yetu, mwalimu na kocha, ambaye wengi mlimjua kwa jina la Ukuta, na tutayasimulia pamoja na hofu yake, kwa kuwa yeye mwenyewe hakuwahi kuificha.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1957, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya reli, mtoto wa tatu wa fundi viatu, na mama yake alizoea kulalamika kwamba viatu anavyoshona baba wiki nzima, huyu anavimaliza kwa mchana mmoja wa mpira. Alianza shule ya msingi mwaka 1964, akaendelea na sekondari, akahitimu chuo cha ualimu mwaka 1978, akafundisha hisabati na michezo, huku akiichezea timu ya mji kama beki wa kati, nafasi iliyompa jina lake.

Tarehe 8 Desemba 1984 alifunga ndoa na muuguzi wa wodi ya watoto, wakajaliwa mabinti wawili na mvulana mmoja.

Mwaka 1996 alikabidhiwa timu ya taifa ya vijana wa chini ya miaka ishirini, ambayo watani waliiita Timu ya Salamu, kwa kuwa ilifika, ikasalimia, ikarudi nyumbani, naye akaifikisha fainali za bara mwaka 2001, kwa mara ya kwanza, ikarudi na medali ya shaba.

Lakini tarehe 22 Oktoba 2003, mazoezini, mvua ikiwa bado mbali, jua likiwaka upande mmoja wa uwanja, radi ilimpiga winga wake wa kushoto, kijana wa miaka kumi na minane, akakata roho kocha akiwa amemshika kichwa, na tangu siku hiyo marehemu aliogopa mawingu, hata lori likinguruma nje ya darasa, aliweka chaki chini akaenda dirishani kutazama mbingu.

Tarehe 17 Aprili 2005, katika mechi ya marudiano ya kufuzu fainali za bara, vijana wetu wakiongoza bao moja kwa bila, mashabiki wamejaa hadi kwenye ngazi, mbingu ilinguruma, akamsihi mwamuzi asimamishe mchezo, mwamuzi akakataa, ikanguruma tena, akaingia uwanjani mwenyewe akipaza sauti, "Ingieni ndani! Wote!" Nahodha akamjibu, "Kocha, zimebaki dakika chache, tunafuzu!" naye akamshika jezi, akamwambia, "Mwanangu, mimi naogopa, twende."

Wakaingia, na radi haikupiga, wingu likapita zake, wapinzani wakapewa ushindi wa mezani, timu ikafungiwa mashindano mawili, kocha akafukuzwa.

Mawe yalirushwa juu ya bati la nyumba yake, simu za vitisho zikamfuata mkewe hadi wodini, watoto wakabadilishiwa njia ya shule, na sokoni watu walimwuliza, "Radi iko wapi, Ukuta?" Siku moja, jikoni, alimwambia mkewe kwamba sasa anajiogopa mwenyewe: "Siku ile, vijana wakiwa ndani, nilisimama mlangoni nikaiomba radi ipige, ipige tu ule uwanja mtupu, wanione sikuwa mwoga." Mkewe akaacha kukata vitunguu, akasema, "Uliomba uwanja ukiwa mtupu, baba watoto. Inatosha."

Alifundisha hadi alipostaafu mwaka 2017, hakuitwa tena na taifa, na timu ile haijafuzu tena hadi leo, hilo nalo lazima lisemwe.

Maradhi ya moyo yalimwanza mwaka 2021, akalazwa tarehe 3 Februari 2024, na alasiri ya tarehe 19 ngurumo ilipotikisa madirisha ya wodi, aliukamata ukingo wa kitanda, akauliza, "Wameingia?" Mkewe akamjibu, "Wameingia wote, mlango umefungwa," naye akauachia ukingo, akafariki kabla mvua haijanyesha.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani waliolala sebuleni kwetu nyakati za mawe, walimu wenzake, na ninyi wachezaji wa mwaka 2005, ambao tumewahesabu pale nyuma, wengine mna mvi, wengine mmepakata watoto, na hakuna aliyepungua.

Pumzika sasa, Ukuta, kwa amani, bila hofu.