Akiba ya Mama Mukamurenzi

Wasikilizaji wapendwa, mlio mashambani Ngungu na mlio msituni Itebero, nawasalimu nyote. Kabla sijaanza, nawaomba jambo moja. Geuzeni pindo la nguo mliyovaa, mtazame ndani ya mshono. Je, kuna kitambaa kilichobaki? Kama kipo, huenda aliyewashonea ni yeye tunayemkumbuka leo: Mama Hélène Mukamurenzi, mshonaji wa Lushebere. Tulimzika Jumamosi iliyopita.

Alizaliwa Ngungu, katika familia ya wakulima wa maharage. Vita vilipowahamisha, wengine walibeba magodoro. Yeye alibeba kichwa cha mashini ya kushona mgongoni, amekifunga kwa kikwembe kama mtoto mchanga. Mdogo wake, Papa Damien, anakumbuka safari ile: "Kwa barabara bamama walikuwa wanamuuliza, mutoto iko na miezi ngapi? Ye anawajibu: huyu halie, lakini anakunywa mafuta!"

Lushebere alifungua atelier, yaani chumba cha kushonea, pamoja na wanawake wawili, Noëlla na Céline. Sheria ya chumba hicho ilikuwa moja. Ndani ya kila mshono kiachwe kitambaa cha upana wa vidole viwili. Yeye alikiita akiba. Mwanamke akinenepa, akiba inafunguliwa. Mtoto akirefuka, pindo linashushwa. Nguo ikimshinda mkubwa, inamsubiri mdogo. Nasema tena, wasikilizaji wapendwa: vidole viwili. Alipoulizwa sababu, alijibu kama wazee wetu, kwamba akiba haiozi.

Kisha ikaja arusi ya Aurélie, binti wa Papa Esdras. Mnajua desturi yetu: mashangazi wa bibi arusi huvaa kikwembe cha namna moja. Papa Sebarenzi, mfanyabiashara wa vitambaa, ndiye aliyeagizwa nguo hizo. Alileta vitambaa kwa Mama Mukamurenzi, lakini kwa sharti: akiba isiwepo, ili kitambaa kile kile kitoe nguo nyingi zaidi.

"Mama Hélène, uache hiyo akiba yako," alimwambia. "Nguo ikiwabana, watanunua ingine. Hiyo njo commerce, njo biashara."

"Papa Sebarenzi, miye naishi nao hapa. Ikipasuka, hawataita jina yako. Wataita Mukamurenzi."

"Basi kazi ya arusi zote nitapeleka Goma. Hii na zenye zitakuja."

Akaondoka na vitambaa vyake. Kazi ya arusi ndiyo iliyokilisha chumba kile. Bila hiyo, mlango ungefungwa kabla ya mavuno ya maharage. Céline hakuficha hasira yake.

"Mama, sasa tutakula nini? Tutapika sindano?"

"Utie na sombe," alijibu Mama Mukamurenzi. "Majani ya muhogo tuko nayo."

Walicheka, lakini moyoni hakuwa jasiri kama alivyoonekana. Binti yake, Muhawenimana, alimkuta akiifuta mashini ambayo ilikuwa safi tayari. Alikuwa akijisemesha kwa sauti ndogo: "Kama nimekosea, hawa bamama wawili nitawaambia nini?"

Siku ya arusi ilifika. Mama Mukamurenzi naye alialikwa. Alikuwa amenunua kikwembe kile kile cha mashangazi, akajishonea mwenyewe, pamoja na akiba yake. Nguo za mashangazi zilitoka Goma, zimebana na kupendeza. Mashangazi walikuwa wamepimwa mikono ikiwa chini. Lakini ni shangazi gani wa kwetu Masisi anayecheza mikono ikiwa chini? Ngoma ilipolia, wakainua mikono juu, kama pembe za ng'ombe. Ndipo mishono ikaitika kwapani: praa! Huku praa, na kule praa!

Shangazi Libérata alisimama katikati ya uwanja, hajui afanye nini. "Nikishusha, inapasuka zaidi! Nikiinua, munaona vyote!"

Watu walicheka hadi machozi. Papa Esdras peke yake aliinamisha kichwa kwa aibu, na Papa Sebarenzi akawa anautafuta mlango. Kuzishona upya hakukuwezekana, maana ndani hamkuwa na kitambaa hata cha upana wa ukucha.

Mama Mukamurenzi angeweza kukaa akafurahia. Hakukaa. Aliwaita Noëlla na Céline nyuma ya jiko la Papa Esdras. Akavua nguo yake, akajifunga kanga ya mwenye nyumba. Akafumua mishono yake mwenyewe na kuikata akiba yote, vipande vidogo vidogo. Kitambaa kilikuwa kile kile, rangi ile ile. Sindano tatu zikafanya kazi, zikiunga vipande hivyo kwenye makwapa yaliyopasuka. Mashangazi wakarudi uwanjani na mikono yao juu. Mama Mukamurenzi akarudi amebanwa na nguo yake, iliyoshonwa upya bila akiba, akacheza mikono ikiwa chini, yeye peke yake.

Wiki iliyofuata, Papa Sebarenzi alikuja na vitambaa begani. Hakuketi.

"Mama, uweke vidole viwili."

"Ao tuweke tatu, Papa?" akauliza Céline.

Tangu hapo mlango haukufungwa. Wanawake wengine kutoka kambi ya waliohamishwa na vita walijiunga nao, na sheria ikabaki ile ile.

Mwaka huu ugonjwa ulimpunguza sana mwili. Alipofariki, familia ilichagua avikwe nguo ya arusi ile, iliyokuwa ikimbana. Sasa ilimpwaya. Noëlla akaikunja ubavuni, akaishona imkae vizuri. Kilichozidi ndani akakipima: vidole viwili. Akakiacha.

Shangazi Libérata alikuwa akilia kando yake. "Noëlla, ukate tu. Hatanenepa tena."

"Shangazi," akajibu Noëlla, "unajua kule wanakula nini?"

Chumba kizima kilicheka, na bado machozi yalikuwa yakitiririka.

Kwa Muhawenimana, kwa Papa Damien, kwa Noëlla na Céline na wanawake wote wa atelier, tunatoa pole zetu za dhati. Nanyi wasikilizaji wapendwa, mnaoshona, mnaouza na mnaonunua, mtakaposhika kitambaa kesho, mwulizeni yule atakayekivaa kama mikono yake itaweza kuinuka.

Mungu amlaze Mama Mukamurenzi mahali penye nafasi.