Fundi Polepole Katajwa na Waliolala

Nje ya duka langu la kufulia nguo, hapa kusini mwa Houston, kuna benchi la kanisa ambalo kanisa lenyewe lililikataa. Saa mbili asubuhi joto limeshakukalia mabegani kama mtoto asiyetaka kushuka, na wenye benchi wameshafika. Mimi ni Earline. Nina mashine kumi na mbili, saba ndizo nzima, na birika moja la kahawa ambalo sijui nilikosea wapi hata likawa mali ya umma. Wa kwanza kukaa huwa Shemasi Rideaux, aliyestaafu kupeleka barua lakini hajastaafu kuhubiri. Wa pili ni Lonzo, muuza matairi wa mlango wa pili, tunamwita Tairi. Gari lake jekundu lina rimu zilizochomoza nje kama viwiko vya mtu anayegombea foleni. Wa tatu ni Cleotha Batiste, Fundi Polepole, ambaye tangu Ijumaa ni marehemu.

Ijumaa ndipo Big Molasi alipotoa albamu, ya kwanza kwa miaka tisa. Kaiita Lami ya Agosti. Huyu Molasi ni Terrence Guidry, kazaliwa mitaa miwili nyuma ya duka langu, namjua tangu anavaa viatu kinyume. Albamu zake zote humalizika kwa wimbo wa majina. Anataja walio hai waliomfaa, kengele inalia mara moja, kisha anataja waliolala. Fundi katajwa baada ya kengele.

Na hakutajwa kwa haraka haraka kama wengine. Kasifiwa. Hapa kwetu kila mtu anajua kwa nini. Zamani zile za kanda, Fundi alikuwa anazichukua nyimbo za Terrence, anaziweka kwenye santuri kule gereji kwake, anaupunguza mwendo mpaka sauti inakuwa nzito kama molasi yenyewe, ule uji mweusi wa miwa. Ndipo jina lilipotoka. Alizirekodi hivyo kwenye kanda za kijivu, nazo zilimfikisha Terrence mpaka mji wa Beaumont na ng'ambo yake. Kabla ya hapo alikuwa kijana mmoja tu anayesema upesi kama anayefukuzwa.

Sasa tangu Ijumaa watu wanapeleka vyakula nyumbani kwa Fundi.

Tairi: Marehemu, habari za kuzimu?

Fundi: Kuna joto. Afadhali tu wewe hujafika.

Shemasi: Cleotha, jana nimekuta kwako masinia mawili ya kuku wa kukaanga, na pai ya viazi vitamu. Aliyeleta pai alikuwa anatoka analia.

Fundi: Si alilia mwenyewe? Mimi sikumpiga.

Shemasi: Ungemwambia uko hai!

Fundi: Nilimfungulia mlango kwa mkono wangu huu, Shemasi. Akaniambia, "Pole, marehemu alikuwa kaka yako?" Ningemjibu nini?

Tairi: Ukamjibu nini?

Fundi: Nikamwambia tulikuwa karibu sana.

Tairi alicheka mpaka kahawa ikamwingia puani. Mimi sikucheka. Nilikuwa nakunja mashuka ya watu mlangoni, na nilikuwa na sababu yangu.

Tairi: Mie nishaelewa mchezo. Kufa kufaana. Albamu isiyo na maiti siku hizi hainunuliwi. Kijana kakaa kule California, kaangalia orodha yake ya waliolala, kaona imepungua makali, kasema nani mzee, nani hana simu ya kisasa, nani hatapiga kelele? Kakuchagua.

Shemasi: Hapana. Hiyo ni ndoto ya kinabii. Terrence kaonyeshwa. Wahenga walisema, mwenda bure si mkaa bure, huenda akaokota.

Tairi: Shemasi, hiyo inahusu nini na kufa?

Shemasi: Mtu akienda kaburini, hawezi kujua ataokota nini huko.

Tairi: Haya, nyie mnaongea mambo ya kizamani. Sikilizeni. Aliyeimba si Molasi. Molasi kafa mwenyewe, tangu juzi juzi. Hiyo ni kompyuta. Wameilisha sauti yake yote, nyimbo zote, halafu wakaiambia itunge. Sasa kompyuta ikaja kwa Fundi, ikapiga hesabu: kazaliwa mwaka fulani, havai kofia juani, anakula soseji zilizojazwa wali kila asubuhi. Ikasema huyu haiwezekani awe hai.

Fundi: Hesabu yake si mbaya.

Shemasi: Kuna jingine, nasita kulisema.

Mimi: Hujawahi kusita.

Shemasi: Huenda kweli amekufa. Msinicheke! Cleotha, lini mara ya mwisho ulikula ukasikia utamu? Lini ulilala usingizi wa moja kwa moja? Wengi hufa wakaendelea kutembea kwa mazoea tu. Penye wengi pana Mungu.

Tairi: Pana mengi.

Shemasi: Hata hayo pia.

Fundi alifikiri. Ndivyo alivyo, hata upuuzi huupa muda wake. Kisha akasema mara ya mwisho kusikia utamu ilikuwa jana, ile pai.

Tairi akaenda kwenye gari lake, akafungua milango yote miwili na buti, akaweka ule wimbo wa majina kutoka kwenye simu yake. Vioo vya duka langu vikatetemeka. Kengele ikalia, majina mawili yakapita, likaja la Fundi. Molasi anasema hivi: "Cleotha Batiste. Alinifundisha kwamba anayekimbia hasikiki. Kila neno langu lililokaa, yeye ndiye aliyelikalisha. Nilimnyima jina nilipokuwa na pumzi ya kulitaja. Lala, fundi wangu."

Fundi: Rudisha. Punguza mwendo.

Tairi: Mzee, watu wanapita.

Fundi: Punguza.

Simu za siku hizi zinafanya kwa kidole kazi iliyokuwa inamla Fundi usiku kucha. Tairi akapunguza. Ile sauti ikashuka, ikanenepa, ikawa kama inatoka chini ya lami. Fundi aliinamisha kichwa upande wa sikio lake zima.

Fundi: Mmesikia? Hapo kabla ya jina. Pumzi imekatwa, ikaungwa. Majina mengine kayasema kwa mkupuo mmoja, siku moja. Hili langu kalirekodi peke yake, siku nyingine, na kwa sauti iliyochoka. Alijaribu akashindwa, akarudi tena.

Tairi: Kompyuta! Si niliwaambia? Kiraka hicho!

Fundi: Kompyuta haimezi mate, Lonzo. Huyu kameza mate.

Hapo ndipo niliweka mashuka chini. Mtu huchoka kusikia uongo wa wengine wakati wake mwenyewe umekaa kooni.

Mimi: Nyamazeni. Mimi ndiye niliyemwambia Terrence kwamba Cleotha amekufa.

Gari la Tairi liliendelea kuongea peke yake mpaka akakumbuka kulizima.

Shemasi: Earline. Wewe?

Mimi: Mwaka juzi, majira ya mvua. Kapiga simu hapa dukani, maana namba ya hapa ndiyo anayoikumbuka tangu zile siku Cleotha hana simu. "Mama Earline, shikamoo, naomba nizungumze na Fundi." Fundi huyo alikuwa kakaa hapohapo alipokaa. Namwonyesha kwa ishara, Terrence huyu. Naye ananiambia, "Mwambie nimekufa."

Tairi: Si hivyo ndivyo watu wanavyosema! Mimi mwenyewe mdai akija namwambia mke wangu, mwambie nimekufa.

Mimi: Ndiyo. Hapa mtu akisema hivyo maana yake hataki maneno, na anayeambiwa anajua, anakata simu, anarudi wiki ijayo. Lakini mashine namba nne ilikuwa inamwaga maji, nami nimechoka. Nikamwambia, "Terrence, Cleotha amekufa." Akauliza, "Lini?" Nikamjibu, "Leo asubuhi," kwa kuwa asubuhi ile huyu alikuwa kaja amenuna.

Shemasi: Na hukumwambia ni utani?

Mimi: Si utani, ni salamu niliyotumwa. Nilidhani kaelewa. Siku ya tatu yakaja maua, shada kubwa jeupe. Aliyeyaleta ananiuliza mazishi yako kanisa gani. Hapo ndipo nilijua Terrence kakaa huko mbali mpaka kasahau tunavyosema.

Tairi: Fundi, na wewe uliyaona hayo maua?

Fundi: Niliyaona. Nikamwambia Earline, acha alie kidogo, yatamfaa.

Shemasi alisimama, akakaa, akasimama tena. Alimwambia Fundi kwamba huo ni ukatili, kwamba Jumamosi Terrence anakuja kuimba kwenye uwanja wa shule, mabango yako mpaka kwenye mlango wa kinyozi, na atayasoma majina yale mbele ya watu wote, halafu Fundi atakuwa wapi, nyuma ya mti?

Tairi: Piga simu leo! Namba si unayo, Bi Earline? Mwambie mzee kafufuka.

Fundi: Asimpigie.

Tairi: Kwa nini sasa? Hasira gani haiishi hata kwa kifo?

Fundi alizungusha kikombe chake mara nyingi hata nikadhani ameghairi kusema.

Fundi: Albamu ile ya miaka tisa iliyopita, mimi nilikuwa hai. Kweli?

Tairi: Kweli.

Fundi: Majina ya walio hai yalikuwa arobaini na moja. Nimeyahesabu. Alimtaja aliyemuuzia viatu. Alimtaja binamu wa yule aliyemuuzia viatu. Mimi nilisikiliza mpaka kengele. Nikasema labda limepita upesi. Nikakaa gerejini, nikairudisha, nikaipunguza mwendo mpaka neno moja likawa linachukua muda wa mtu kuvaa shati, ili kama nimejificha mahali nijikute. Sikuwemo.

Shemasi akakaa tena.

Fundi: Basi alipopiga ile simu, nikasema ananitafutia nini? Mwambie nimekufa. Nilisema kwa hasira, siyo kwa akili. Sasa kasema mbele ya dunia nzima maneno ambayo mama yangu hakuwahi kuniambia. Kayasema kwa kumeza mate. Nikitokea Jumamosi na suruali yangu hii, nikamwambia, "Kijana, nipo," atafurahi. Atanikumbatia. Na mwaka ujao nitakuwa nani? Mzee mmoja wa Houston aliyemfanyia utani mbaya.

Shemasi: Hawezi kuyafuta. Yameshatoka.

Fundi: Hayafuti. Lakini hayatakuwa yangu tena. Yatakuwa ya yule aliyekufa.

Sasa kulikuwa na dada mmoja kasimama mlangoni mwangu na kapu la sare za hospitali, mgeni, ndiyo kwanza wiki mbili tangu ahame kutoka mji wa Mobile. Ni muuguzi wa zamu. Anakuja kwangu kwa kuwa mashine za jengo lao zimekufa, na hizo zimekufa kweli. Alikuwa anasubiri nimfungulie mashine ya kukaushia, na kwa jinsi alivyoegemea fremu ya mlango niliona kafanya kazi tangu jana.

Mgeni: Shikamooni wazee wangu. Samahani, sikuwa nasikiliza kwa makusudi, ila mnaongea kwa sauti.

Shemasi: Marahaba, mwanangu. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Tuhukumie.

Mgeni: Mimi nahudumia watu wanaokaribia kufa, najua ndugu zao wanasemaje wakifika wamechelewa. Nilitaka kuuliza tu.

Fundi: Uliza.

Mgeni: Angejua uko hai, angeyasema hayo?

Tairi akaziangalia rimu zake. Shemasi akafungua mdomo, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue, na nimemjua miaka thelathini na mbili, methali haikuja, hata isiyohusika. Fundi alimtazama yule dada kwa upole, kama unavyomtazama daktari aliyekuonyesha mahali panapouma.

Nikaingia ndani, nikamfungulia yule dada mashine namba tisa, ile inayokausha vizuri, nikamwambia asihangaike na malipo ya leo, akaketi kwenye kiti cha plastiki akasinzia palepale.

Nilipotoka, Tairi alikuwa keshafunga buti la gari, Shemasi anatafuta kofia yake iliyokuwa kichwani. Fundi alibaki.

Fundi: Earline, Jumamosi unafungua?

Mimi: Lini nimefunga Jumamosi?

Fundi: Basi nitakuja kukaa hapa. Upepo ukiwa mzuri, uwanja wa shule unasikika.

Mimi: Unasikika mpaka ndani, kwenye mashine.

Fundi: Atasoma upesi, mbele za watu. Wote husoma upesi. Lakini nitasikia.

Sikumbembeleza. Nilishamuua mara moja kwa kutii, nikaona sina haja ya kumfufua kwa kiherehere.