Ni Mimi Ninayekula Stima

Rosebellah: Haloo. Kabla hujafungua mdomo: mvumilivu hali mbivu. Mvumilivu huiva yeye mwenyewe.

Danson: Haloo? Ni nani? Hii ni namba ya dadangu ama nimepiga redio?

Rosebellah: Ni mimi. Nilijua utapiga, na nikajua methali utakayokuja nayo. Nimekupunguzia kazi.

Danson: [anacheka kidogo] Wee Bellah. Salamu kwanza, bana. Jeddah inasemaje?

Rosebellah: Jeddah ni jua na jasho. Riyadh?

Danson: Riyadh ni jua peke yake. Jasho linakauka kabla halijatoka. Uko wapi saa hii?

Rosebellah: Chumbani kwangu, juu ya nyumba. Kiyoyozi kinanguruma. Hebu sikiza. [mngurumo] Umekisikia?

Danson: Nimekisikia. Hicho ndicho kimenifanya nipige.

Rosebellah: Madam amekufikia?

Danson: Amempigia kakake. Bosi wangu. Kutoka Taif huko walikoenda kupunga hewa, karibu analia. Bosi akanigeukia hapa kwa gari na Kiarabu cha mbio, nikashika maneno mawili tu, "betri" na "mafi adab", yaani hakuna adabu. Sasa niambie pole pole. Ulifanya nini?

Rosebellah: Sikufanya kitu. Hiyo ndiyo shida yao.

Danson: Bellah —

Rosebellah: Nakueleza, tulia. Unajua hii nyumba ina sola juu, na betri kubwa kama friji mbili. Iko kwenye stoo iliyopakana na chumba changu.

Danson: Uliniambia.

Rosebellah: Sasa alasiri kukiwa moto hivi, kila mtu amewasha kiyoyozi, kampuni ya umeme inaelemewa. Inatuma ujumbe kwa wenye betri: tugawieni. Simu ya madam inalia kengele, anakubali, betri inamwaga stima kwa mtaa, na kampuni inamlipa.

Danson: Na hiyo ni mbaya? Si ni kusaidia watu?

Rosebellah: Nani amesema ni mbaya? Ningekuwa na betri hata mimi ningegawa! Sikiza mwisho. Chochote nyumba inakula wakati huo kinapunguza malipo. Kwa hiyo kengele ikilia, kazi yangu ni kuzunguka nikizima. Vyumba vya watoto, zima. Orofa ya juu, zima. Wao wanakusanyika sebuleni chini ya kiyoyozi kimoja, kahawa na tende, wanaambiana wamesaidia nchi.

Danson: Na wewe?

Rosebellah: Swichi ya mwisho ni ya chumba changu.

[mkwaruzo]

Rosebellah: Haloo?

Danson: Nipo. Netiweki inakwaruza. Sasa ukishazima... unakaa wapi?

Rosebellah: Mwanzo nilikuwa nakaa na betri.

Danson: Na nini?

Rosebellah: Na betri! Kwani hujui? Betri haitakiwi kupata joto. Fundi alisema ikipata joto itaharibika, wakaiwekea kiyoyozi chake pale stoo. Hicho hakizimwi hata siku moja. Basi nilikuwa nachukua ndoo, naigeuza, nakaa pale na betri, tunapigwa na baridi sisi wawili kama maharusi.

Danson: [anacheka] Aki wewe.

Rosebellah: Cheka. Madam akanikuta. Akasema nikifungua mlango naingiza joto, betri itaumia. Akafunga kwa kufuli. Ufunguo umo kwenye mkoba wake, uko Taif.

Danson: Ufunguo uko Taif?

Rosebellah: Taif, mkobani.

Danson: Endelea.

Rosebellah: Juzi wakaenda Taif wote. Vyumba vya chini wamefunga, nimeachiwa jikoni, ngazi na hapa juu. Nyumba tupu, Danson. Unajua nyumba tupu ni nini kwa mtu wa betri? Ni sikukuu. Hakuna anayekula stima. Yote inaenda kwa kampuni, malipo yananona. Leo kengele imelia. Madam akaangalia simu yake kule milimani, akaona, ukiacha kiyoyozi cha betri, kuna kitu kimoja bado kinavuta. Akanipigia: "Rosa, kuna nini kinakula umeme hapo?" Nikamwambia, "Ni mimi, madam."

Danson: Ukasema hivyo?

Rosebellah: Na kwani ni uongo? "Ni mimi ninayekula." Akasema, "Zima." Nikasema, "La." Akadhani sijaelewa. Akasema tena kwa Kiarabu cha mtoto, zima, zima, yalla. Nikasema nimeelewa, madam. Nimeelewa tangu mara ya kwanza. Sizimi.

Danson: Mungu wangu.

Rosebellah: Kengele ikaisha saa yake, kampuni ikachukua yake, na mimi nikalala usingizi wa mchana. Mzuri sana.

Danson: Kumbe ni saa moja mbili tu! Saa mbili tu, Bellah, mtu hawezi kuvumilia saa mbi—

Rosebellah: Nilikwambia mvumilivu huwa nini?

Danson: Skiza —

Rosebellah: Huiva! Paa ni la bati juu ya zege, Danson. Ukuta ukiugusa unatoa mkono. Jana nilikaa kwenye ngazi, nikalowesha leso nikajifunika kichwa kama maiti. Simu ikalia nikashindwa kuiokota. Ulikuwa wewe uliyepiga. Nikakudanganya nilikuwa naosha vyombo.

[mkwaruzo]

Danson: ...Sikujua.

Rosebellah: Sikukwambia.

Danson: Sawa. Sawa. Lakini sasa angalia mahali tumefika. Kulikuwa na nyongeza, si ndiyo? Bosi anasema asiyekosa kengele msimu wote anapata kitu juu.

Rosebellah: Anapata. Na nyota kwenye simu, anawaonyesha wageni. Nyota yake, jasho langu.

Danson: Na leo hiyo nyongeza imeenda.

Rosebellah: Imeenda na imesindikizwa.

Danson: Si mchezo, Rosebellah! Wanarudi jioni hii. Bosi amesema uombe msamaha kabla ya magharibi. Umwombe yeye, ampelekee dadake. La sivyo madam akishuka kwa gari, wewe unapanda. Unarudishwa maktab, kwa wakala aliyekuleta.

Rosebellah: Maktab napajua. Magodoro sakafuni, wasichana tumepangwa kama mikate tukingoja atakayetuchagua.

Danson: Unapajua na bado unaringa?

Rosebellah: Siringi. Nimekaa.

Danson: Neno moja tu! Asif. Herufi hazifiki hata tano. Hata uking'ata meno, sema asif, halas, imeisha.

Rosebellah: Na kesho kengele ikilia?

Danson: Kesho ni kesho.

Rosebellah: Hapana. Nikiomba msamaha leo, nimeahidi kuzima kesho. Hiyo ndiyo maana yake. Ama kwenu huko samahani ina maana nyingine?

Danson: Basi usiombe kwa sababu ya kukataa. Sema swichi ilikwama.

Rosebellah: Swichi ni nzima. Ndiyo naiangalia hapa.

Danson: Sema... sema ulizirai! Eeh. Sema ulianguka kwa joto, hukuisikia kengele. Watakuonea huruma. Madam si mnyama, ana roho, alikupa kile kitambaa cha Idi —

Rosebellah: Sikuzirai.

Danson: Nani atajua?

Rosebellah: Mimi. Danson, yaani lazima nianguke ndio nionekane mtu? Nikiwa nimesimama na miguu yangu miwili siruhusiwi baridi, mpaka niokotwe sakafuni? Betri haikuzirai na ilipewa kiyoyozi.

Danson: Wee msichana una mdomo.

Rosebellah: Nimesoma diploma ya ukatibu, nikaja kusugua vyoo. Mdomo ndio cheti pekee ambacho hawakukichukua wakakifungia kwenye droo.

[honi za magari, mkwaruzo]

Danson: Haloo? Haloo? Umepotea.

Rosebellah: Nipo. Uko wapi wewe? Mbona unahema hivyo?

Danson: Niko Sulimaniyah. Bosi ameingia duka la manukato, namngoja.

Rosebellah: Ndani ya gari?

Danson: Ndani.

Rosebellah: Sisikii injini.

Danson: ...Hataki iwake akiwa hayupo. Ati mafuta.

Rosebellah: Agosti hii.

Danson: Nimefungua mlango. Kuna upepo.

Rosebellah: Upepo wa oveni.

Danson: Wacha mambo yangu. Mimi ni mwanamume, nimezoea.

Rosebellah: Ulizoea lini? Baada ya ule mkwaruzo wa gari?

Danson: Usianze.

Rosebellah: Naanza. Mtoto wa bosi aligonga nguzo ya geti na gari, wewe ukiwa jikoni unakula. Ukaambiwa sema asif, iishe. Ukasema. Iliisha?

Danson: Bellah.

Rosebellah: Jibu. Iliisha?

Danson: [kwa sauti ya chini] Taa ikipasuka ni Danson. Gurudumu likitoka pumzi ni Danson. Juzi paka amezalia kwenye buti ya gari, ni Danson.

Rosebellah: [anacheka] Hata paka!

Danson: [anacheka pia] Hata paka, nakwambia. Nikaambiwa niombe msamaha kwa harufu.

Rosebellah: Ukaomba?

Danson: ...Nikaomba.

Rosebellah: Bosi alikuambia nini kingine?

Danson: Hakuna. Ni hiyo tu ya maktab.

Rosebellah: Wewe hujaahidiwa kitu?

Danson: Mimi nimehusikaje?

Rosebellah: Danson. Likizo yako ni lini?

Danson: Wiki ijayo, si unajua.

Rosebellah: Karatasi ya kutoka nchini ameshaitoa?

Danson: Ataitoa.

Rosebellah: Ijumaa ulisema iko tayari. Ulisema umeiona kwa macho.

Danson: Netiweki imeharibi—

Rosebellah: Netiweki iko sawa kabisa!

Danson: Amesema ataingoja sauti yako kwanza, ndipo aitoe.

Rosebellah: Ndiyo maana ulipiga.

Danson: Nilipiga kwa sababu we ni dadangu.

Rosebellah: Na mwanao, Elphas?

Danson: Elphas ameanza kutembea. Mamake alinitumia video. Anatembea akishika ukuta, halafu anaachilia, anakaa chini, puu. Anajipigia makofi mwenyewe. [anasita] Hajui sauti yangu inatoka wapi. Anaiangalia simu kwa nyuma.

[mlio mfupi wa salio]

Danson: Salio linaniishia.

Rosebellah: Sikiza basi. Kwa madam sisemi. Kwa bosi wako sisemi. Lakini wewe ni damu yangu. Ukiniambia "Bellah, omba, kwa ajili yangu", nitaomba. Hata kwa magoti. Na nitazima kesho, na kesho kutwa, wewe upande ndege. Siwezi kukukatalia. Sema mara moja tu.

[kimya]

Rosebellah: Danson?

[kimya]

Rosebellah: Sema, sitakulaumu. Haki ya Mungu.

[mlango wa gari unafungwa, injini inawaka, kiyoyozi kinavuma]

Rosebellah: ...Hiyo ni nini?

Danson: Ni gari.

Rosebellah: Umewasha?

Danson: Wacha kwanza niivute hii baridi. [anavuta pumzi] Aisee. Kumbe hili gari lina baridi namna hii. Mwaka mzima naendesha nikiwa mbele, hewa wameelekeza nyuma.

Rosebellah: Elekeza kwako.

Danson: Nimeelekeza. Zote nne.

Rosebellah: [anacheka, sauti inakatika] We mjinga. Karatasi yako je?

Danson: Elphas ataendelea kutembea. Nitamkuta akikimbia. Heri anikute — ngoja. Anakuja.

Rosebellah: Nani?

Danson: Bosi. Ametoka dukani, ana mifuko. Ameangalia gari. Amesikia injini, Bellah, anatembea haraka.

Rosebellah: Izime! Danson, izime upesi, bado hajafika —

Danson: Siizimi.

[mlango unafunguliwa; sauti ya mwanamume, mbali, kwa Kiarabu]

Danson: Aiwa, bosi. Ni mimi nimewasha... Joto, bosi. Joto nyingi... La, mafi asif. Joto... Aiwa, ni yeye kwa simu. Ni Rosebellah. [karibu] Bellah, anakutaka. Nimeweka spika. Anasema aisikie hiyo samahani kwa masikio yake.

Rosebellah: Kiswahili hajui.

Danson: Sema kwa lugha yetu. Nitamfasiria.

Rosebellah: Yote?

Danson: Yote, neno kwa neno. Harakisha, salio limebaki —

[mlio wa salio]

Rosebellah: Basi mwambie hivi. Kengele ililia, niliisikia. Swichi nilikuwa naiona. Sikusahau, sikuzirai, haikukwama. Stima ya betri waigawe kwa Jeddah yote, na Jeddah ipoe, nitafurahi. Chumba changu sizimi. Nimekwisha kufunga sanduku, niko tayari kwa maktab. Umemwambia?

Danson: Namwambia... namwambia... Amesikia. Anauliza, na asif iko wapi?

Rosebellah: Haipo. Siombi.