Mama Ezekia, Aliyetukataza Kusugua Uso Kila Siku

Bernadeta, mama yake Ezekia, amefanya kazi Saluni ya Bi Fakhria hapa Gongoni kwa miaka ishirini na saba, na Jumamosi hii, tarehe thelathini mwezi wa nane, anavua aproni. Mimi Kabula, mfua taulo na mpika chai wa saluni hiyo hiyo, ndiye niliyeambiwa nieleze habari zake. Shule sikwenda, kwa hiyo mimi nasema na mwenzangu anaandika, na nimemwambia asinipambie maneno. Kama kuna mtu alikuja kusikia sifa tupu, pilau bado haijaiva, atoke nje apunge upepo kidogo.

Alikuja kutoka Urambo, kwa treni, msimu tumbaku ilipokuwa imeshauzwa. Kwanza aliwekwa kwenye kusuka. Hiyo hatuifichi, alikuwa msusi mbaya. Alivuta nywele mpaka wateja wakitoka wanaonekana kama wanashangaa kitu, nyusi zimepanda juu, macho hayafumbi. Mwalimu mmoja alilala siku mbili na panadol. Bi Fakhria akaona huyu atamfungia saluni, akamhamishia chumba cha nyuma, cha uso. Ndiyo akawa fundi wa uso, kwa sababu kichwa kilimshinda. Watu hupandishwa cheo hivyo sehemu nyingi, mnajua wenyewe.

Na huko kwenye uso alianza vibaya vile vile. Aliona uso ni sufuria. Aliamka asubuhi anasugua wake kwa dodoki na sukari, jioni anarudia, anasema anatoa masizi ya mabani ya baba yake, yale ya kukaushia tumbaku. Masizi gani, na mtu ameshahama Urambo? Ukamchubuka ukawa kama nyanya iliyomenywa. Kanisani wakamuuliza kama amemwagikiwa uji. Jua likampiga pale palipochubuka, madoa meusi yakaja, na yale madoa aliishi nayo mwaka mzima, akijifunga mtandio mpaka puani kama mtu anayepita kwenye vumbi. Daktari wa ngozi aliyemtibu akamgombeza mpaka akalia. Alipotoka huko alikuwa mtu mwingine. Ubaya ni kwamba kuanzia siku hiyo hakunyamaza tena.

Maneno yake mnayajua, hata taulo zangu zinayajua. Uso unasuguliwa mara moja kwa wiki, basi. Mwenye ngozi ya mafuta sana, ile inayong'aa kama sambusa, anaweza kufika mara mbili, asizidishe. Mwenye ngozi kavu au inayowashwa ovyo akae hata wiki mbili. Mwenye chunusi zilizopasuka, aliyeungua jua, aliyetoka kunyoa, arudi kwao. Unasugua kwa ncha za vidole, polepole, kama unampapasa mtoto aliyelala, halafu unaosha, unapaka mafuta, unalikwepa jua. Ukitumia skrabu ya chengachenga leo, usiweke juu yake yale maji ya dukani ya kumenya ngozi. Na kikiwasha, toa. Hapo alikuwa ananyanyua kidole, na kile kidole kwa kweli kilikuwa kinachosha.

Sasa niambie, saluni gani duniani inaweka mtu wa kufukuza wateja? Wake wa wakulima walikuja kutoka Urambo masoko ya tumbaku yakifunguliwa, pesa ziko kifuani zimefungwa kwenye leso, wanataka wasuguliwe leo, kesho na kesho kutwa ili warudi weupe. Anawaambia, "Mama, weusi si uchafu. Ningekuwa naweza kuutoa ningeanza na kisigino changu." Wanaondoka wamenuna. Bi Fakhria kwenye kaunta anajishika kichwa.

Kulikuwa na bwana mmoja wa ofisini, jina namwachia mwenyewe, alitaka kuoa mke wa pili. Alikuwa anakuja kila baada ya siku mbili, anapita mlango wa uani ili asionekane. Mara ya tatu Bernadeta akamwambia, shikamoo mzee, lakini ukiendelea hivi utaupita ujana utafika utotoni, na huyo binti atakubeba mgongoni. Yule bwana hakurudi. Kuoa alioa, uso ule ule.

Na sukari. Tusimalize bila kusema sukari. Kila kilo ya sukari iliyonunuliwa kwa ajili ya skrabu, nusu ilienda kwenye nyuso za watu na nusu kwenye chai ya Bernadeta. Asali ndiyo usiulize. Mimi ndiye niliyekuwa napika chai hiyo, kwa hiyo nasema ninachokijua. Amewakataza wanawake wa Tabora nzima kuzidisha, yeye kwenye kikombe anazidisha.

Basi, tufike kwenye harusi. Nilijua tutafika, na nyinyi mlijua.

Mwezi wa sita Ruaa, binti wa Bi Fakhria, aliolewa. Huyu mtoto amekulia humo saluni, amelala kwenye kikapu cha taulo zangu, Bernadeta amemtoa kamasi. Nyumba zile za mjini, za watu wa asili ya Oman, bibi harusi anawekwa ndani, jioni anasuguliwa singo mwilini. Liwa, manjano, karafuu, maji ya mawaridi, nyumba nzima inanukia hadi barabarani. Na wana desturi yao, shangazi au mama mkubwa akifika akavua viatu, lazima na yeye amsugue bibi harusi kidogo, kwa sababu mkono wake ndiyo dua yake. Ukimzuia, umekataa dua. Desturi nzuri kabisa, mimi siikosoi. Singo ni laini, mwili una nafasi.

Bernadeta alimfanyia Ruaa uso Jumatatu ya wiki ile, mara moja, kwa vidole. Akamaliza akatoka sebuleni akasema mbele ya wote kwamba uso huu asiuguse mtu mpaka siku ya kupambwa. Bi Fakhria akaitikia kwa kichwa. Kama mwenye saluni alielewa. Kama wifi wa watu, akawa ameshasahau.

Maana wageni walianza kushuka. Wa Nzega, wa Igunga, wa Kigoma kwa treni, wa Tura kwa treni nyingine. Na Bi Nihal, shangazi mtu, dada wa baba yake Ruaa, akaingia akamtazama mtoto akasema, "Mwili unang'aa, uso umelala." Akaagiza limau, sukari na dodoki. Akasugua akaenda kuswali. Akaja wa Igunga, naye dua yake haikutaka kupitwa, akasugua. Akaja wa Kigoma. Hakuna aliyemuuliza mwenzake, kila mmoja alijiona ndiye wa kwanza. Siku ya pili yake hivyo hivyo. Ya tatu Bi Nihal akatoa kwenye mkoba kichupa cha Dar es Salaam, yale maji ya kumenya, akampaka juu ya pale pale. Ruaa akasema, "Shangazi, inaunguza." Akajibiwa urembo unataka uvumilivu, asiwe kama mtoto.

Asubuhi mashavu yalikuwa mekundu, yanatoa maji, na paji linabanduka kama ganda la kitunguu. Imebaki siku moja akae kwenye jukwaa mbele ya wanawake wote wa mji.

Bernadeta akaitwa mbio, nami nikamfuata na taulo. Akamtazama mtoto, akauliza neno moja tu, "Nani?" Shangazi wote wakawa wanatazama pazia. Nimeishi sana, sijaona pazia lililopendwa namna ile. Halafu Bi Nihal akasema, taratibu kabisa, "Si wewe uliyemsugua Jumatatu?"

Bernadeta akamgeukia Bi Fakhria. Bi Fakhria alijua. Kichupa alikiona, limau alikamua yeye. Angesema neno moja lingetosha. Akainama anaokota maganda ya limau sakafuni.

Bernadeta hakubishana, na mtu anayemjua anajua hiyo peke yake ni msiba. Akamwosha Ruaa kwa maji baridi matupu, akamfunika mtandio mwepesi, akampeleka hospitali. Daktari akatoa dawa ya kupaka, akakataza poda na wanja na kila takataka mpaka ngozi ifunge. Ndoa ilifungwa, maana ndoa haihitaji shavu. Kupambwa kukasogezwa mbele wiki mbili, mpambaji aliyeletwa kutoka Mwanza akarudi Mwanza na masanduku yake, amenuna. Wiki zote hizo Bernadeta alikuwa anakwenda asubuhi na jioni kumpaka dawa, anapita katikati ya shangazi hao hao, hawasalimii, wala yeye hawasalimii.

Mjini habari ilishafika. Bernadeta kamchuna bibi harusi. Ng'ambo wameisema, Isevya wameisema, sokoni kwenye dagaa nilikuta mtu ananisimulia mimi, mimi niliyekuwepo, na ameongeza wembe. Miaka yote hiyo ya kuwaambia watu wasisugue, ikawa yeye ndiye mchunaji. Wateja wakawa wanaingia wanauliza, "Yupo nani leo chumba cha nyuma?" Wakisikia yeye, wanakumbuka wameacha sufuria jikoni. Chumba kikawa kitupu. Alikuwa anakaa humo anakunywa chai, na chai yenyewe ikawa haina sukari. Hapo ndipo niliogopa.

Ruaa alipona vizuri, madoa kidogo pembeni ambayo daktari anasema yataisha. Alikuwa anamwambia mama yake kila siku, "Mama, sema." Na mama yake anamjibu, "Yule ni shangazi yako, nitaanzia wapi?" Anaanzia wapi. Kaunta anaijua, benki anaijua, hapo tu ndipo hapajui mwanzo.

Juzi, sherehe hii ikiwa imeshapangwa, Bi Fakhria akaingia chumba cha nyuma na doti ya khanga, nzuri, nyekundu, imeandikwa Nimekosa Mwenzangu Nisamehe. Mimi nilikuwa kwenye karo, mlango uko wazi, sikujificha. Bernadeta akaifungua, akaisoma, akaikunja tena vizuri akamrudishia.

"Khanga nzuri, dada. Lakini waliosikia nimemchuna mtoto hawakusoma kwenye khanga. Walisikia kwa mdomo."

"Bernadeta, tumetoka mbali."

"Tumetoka mbali, ndiyo maana. Nisafishie kwa mdomo."

"Mbele ya wifi yangu?"

"Hasa mbele yake. Ukishindwa si kosa. Mimi Ijumaa nitakuwa nimeshapanda treni ya Urambo, na hiyo pilau mtakula na viti."

Bi Fakhria akatoka. Akakaa kwenye kaunta mpaka tukafunga, hakuhesabu hata mauzo. Asubuhi yake akanifuata kwenye taulo, macho yamevimba, akasema, "Kabula, hayo maneno ya sherehe uliyoambiwa, yaseme yote. Limau sema. Kichupa sema. Jina la wifi sema, na langu usiliruke." Nikamuuliza kama ana hakika, maana mimi nikifunguliwa kufungwa ni kazi. Akasema ana hakika. Akasema nianze mimi, nimfungulie njia, halafu atasimama mwenyewe amalizie. Nikaenda kwa Bernadeta kumwambia. Tiketi ya treni alikuwa ameshaikata, akaniomba nimpelekee mtoto wa jirani anayesafiri. Akaongeza sukari kwenye kikombe. Vijiko vitatu.

Kwa hiyo Bi Nihal, karibu sana. Nimeomba wakuweke mstari wa mbele, karibu na feni. Hakuna anayekugombeza hapa, mkono wako ulikuwa dua. Ila dua haisuguliwi kwa dodoki.

Bernadeta, mama Ezekia, umetusumbua. Ulisuka vibaya, ulimaliza sukari, ulifukuza wateja wenye pesa ukatuachia wenye maswali. Mjini hapa kuna nyuso nyingi zilizo nzima kwa sababu tu ulikataa kuzigusa, na hakuna hata moja iliyorudi kusema asante, maana mtu hashukuru kwa kidonda ambacho hakupata. Basi mimi nakushukuru kwa niaba yao. Tunakuombea Urambo ikupokee vizuri, wajukuu wakusikilize kuliko tulivyokusikiliza sisi, magoti yatulie, chai iwe tamu unavyotaka, na uishi siku nyingi kwa amani. Kule ukikuta mtu na dodoki usoni, mwache siku moja moja, na wewe upumzike.

Yangu yameisha. Bi Fakhria, simama.